Lushoto na Shimla: Baridi ya Nani?

Ukishuka basi Mombo mchana, joto la nyika linakuelemea. Gari dogo likianza kupanda, likapita maporomoko ya Soni, dirisha linafungwa kwa mkono wa abiria wa kwanza kuhisi ubaridi. Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, unatafuta sweta.

Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, bonde la Kaisari Wilhelm. Walipanda kukimbia joto la Tanga na homa zake, kama Waingereza wa India walivyokimbilia Shimla. Lakini Shimla ilibeba mzigo mzito zaidi. Kuanzia 1864 serikali nzima ilihamia huko kila kiangazi, makarani na majalada yao. Lushoto iliachiwa mapumziko na mashamba, utawala ukabaki Dar es Salaam. Reli nazo zinatofautiana. Ya Shimla ilifika mlimani mwaka 1903, ikitoboa miamba. Ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaambaa na nyika kwenda Moshi, mlima ikauacha juu.

Kabla ya wote hao palikuwa na Vuga, makao ya Wakilindi, ukoo wa watawala wa Wasambaa. Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, alitawala kutoka huko mlimani hadi pwani. Kwa Wasambaa, Shambaai, nchi yao ya milimani, ni mvua, migomba na nyumbani. Nyika ni joto na njaa. Mgeni hupanda ili apumzike, mwenyeji yuko huko kwa sababu ndiko kunakolimika. Hata hivyo urefu haukuwa heshima ya daima: Semboja, mwana wa Kimweri, alijikita Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, kwa kuwa biashara ilipita huko.

Mfano ninaoupenda zaidi wa mgeni na mwenyeji kukutana mlimani uko Omani, Jabal Akhdar, ambako wakazi wa Muscat hupanda majira ya joto. Huko mgeni huwakuta wenyeji na mawaridi yao, makomamanga na mifereji ya falaj, na ndio wanaompokea. Lushoto ya leo inafanana zaidi na hiyo kuliko Shimla: kabeji na karoti zinateremka kwenda Tanga na Dar es Salaam, wageni wanapanda.

Kasri la mwakilishi wa Malkia kule Shimla sasa ni taasisi ya wanazuoni. Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na kijana wa pwani anayekwenda kusoma sheria huko huanza kwa kununua blanketi.