Programu Mpya Katika Njia ya Misafara

Kusasisha kompyuta katika bara la Tanzania kumekuwa kazi ya uchukuzi tangu mwanzo. Programu hutengenezwa mbali, na mtu wa Ziba, kata ya Wilaya ya Igunga upande wa mashariki wa Unyamwezi, sharti aifuate au aletewe. Nchi hii inaijua kazi hiyo. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba nguo, shanga na waya wa shaba kutoka pwani hadi Tabora, wakarudi na pembe za ndovu. Robota la nguo lililofungwa kwa safari liliitwa mtumba, na uzito wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Neno hilo bado lasikika minadani, sasa kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Reli ilifika Tabora 1912 na kuwapokea wapagazi mizigo yao, lakini Ziba ilibaki nje ya reli. Hadi leo mzigo wake huja kwa barabara.

Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na ujuzi wa kuzitunza ukadumaa kwa miaka mingi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Ni kazi inayostahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa bado haujatua Dar es Salaam. Ulianza kazi Julai 2009. Intaneti ya wakati huo ilipita kwenye setilaiti, ghali na ya kusuasua, hivyo programu kubwa zilisafiri kwenye CD. Kati ya 2005 na 2011 mradi wa Ubuntu ulituma CD zake bure kwa posta duniani kote.

Raspberry Pi ilipoanza kuuzwa Februari 2012, kwa dola 35, hali ilibadilika. Kompyuta nzima ilikaa kwenye bodi moja yenye ukubwa wa kadi ya benki, ikala wati chache tu za umeme, kiasi ambacho sola ya kawaida inakimudu. Shule za Karatu, mkoani Arusha, zilizipata kupitia shirika la Powering Potential. Mfumo endeshi wa Raspberry Pi, uliotokana na Debian, hukaa kwenye memori kadi, na Debian hutoa toleo jipya kila baada ya miaka miwili hivi. Hapo ndipo kazi ya kusasisha inapoanza.

Penye mtandao, amri ni mbili: apt update huleta orodha ya vifurushi vya programu vilivyopo, na apt full-upgrade hushusha na kusimika vile vilivyo vipya kuliko vya mashine. Pasipo mtandao, fundi huvishusha mjini, akavibeba kwenye flashi. Lazima viwe vya prosesa za ARM. Vya kompyuta ya kawaida ya mezani havikubali.

Tatizo linalowachosha wengi zaidi ni saa. Pi zilizotangulia toleo la tano hazina saa yenye betri. Zikizimwa, hukumbuka wakati wa mwisho tu, na zikiwashwa huendelea kuhesabu kutoka hapo. Mashine iliyolala kabatini tangu Machi huamka Juni ikiamini bado ni Machi. Ikipewa orodha ya vifurushi iliyotiwa sahihi mwezi Mei, huikataa, ikisema muda wake wa kutumika haujaanza. Anayeanza kazi hudhani faili limeharibika, akarudi mjini kushusha upya na kumaliza bando lake bure. Dawa yake ni kutazama saa ya simu na kuandika tarehe sahihi kwa mkono. Orodha ileile hupokelewa papo hapo.

Umeme nao huua kadi. Ukikatika katikati ya usimikaji, faili nusu jipya na nusu la zamani linaweza kuizuia mashine isiwake tena. Alama ndogo ya radi kwenye kona ya skrini ina maana kwamba volti zimeshuka kupita kiasi, na wakati huo haifai kusasisha chochote.

Kuvuka kutoka toleo moja la mfumo hadi lingine ni shauri jingine. Watengenezaji wenyewe hushauri kuanza upya kwenye kadi tupu. Matoleo ya zamani hatimaye huondolewa kwenye seva za kawaida na kuhamishiwa hifadhi nyingine. Kompyuta iliyoachwa miaka mingi huuliza anwani isiyo na kitu tena. Kwa hiyo fundi huandaa kadi mpya mjini, huijaribu hukohuko, kisha huisafirisha. Ikifika, kadi ya zamani hutolewa, huandikwa tarehe kwa kalamu na kuwekwa pembeni, isifutwe mpaka mpya iwe imewashwa na kuzimwa siku kadhaa bila kosa.