Walimu na Wazee wa Usharika: Uongozi wa Wenyeji Katika Sharika za Kilimanjaro, 1893–1940

Utangulizi

Katika masomo ya historia ya Kanisa letu tumezoea kuhesabu miaka kwa majina ya wamisionari: nani alifika lini, nani alijenga kituo gani. Hesabu hiyo ina kweli yake, lakini huacha kando swali ambalo kila mchungaji wa kijijini hukutana nalo mapema, nalo ni hili: siku ambazo mchungaji hayupo, kazi ya usharika hufanywa na nani? Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa kufuata mfano wa sharika za Kilutheri za Kilimanjaro. Tunaona kwamba waliozishika sharika hizo wakati wa dhiki ni watu waliokuwa wamekwisha kukabidhiwa kazi kabla ya dhiki kufika. Tena tunaona kwamba pale walipokabidhiwa nusu tu ya kazi, walioumia ni washarika.

Mwanzo wa kazi

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mwaka uliofuata walianza kazi Mamba, na mwaka 1896 wakafungua kituo cha Moshi, pale Kidia. Ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1898. Tangu mwanzo idadi ya wamisionari ilikuwa ndogo, na mlima ni mkubwa. Makorongo hutenganisha nchi moja ya Mangi na nyingine. Kwa hiyo shule za vitongojini ziliwekwa mikononi mwa vijana wenyeji waliokuwa wamejifunza kusoma vituoni. Mwaka 1912 chuo cha walimu kilianza kazi Marangu.

Yafaa tukumbuke neno "mwalimu" lilikuwa na maana gani siku hizo. Mwalimu alifundisha watoto kusoma na kuhesabu siku za kazi. Jumapili aliwakusanya watu, akaongoza sala na kulifafanua Neno. Aliwaandaa wanafunzi wa ubatizo, aliwatembelea wagonjwa, na aliwapatanisha waliogombana. Malipo yake yalikuwa madogo, na aliendelea kuishi katika kihamba chake kama jirani zake. Kando yake walisimama wazee wa usharika, ambao hawakulipwa kitu.

Jambo hili la kutumika bila ujira halikuletwa na misheni. Wachagga walikuwa na mifongo, yaani mifereji iletayo maji kutoka juu mlimani hadi vihambani. Mfongo haukuchimbwa wala kusafishwa na mtu mmoja. Wote waliokunywa maji yake waliitwa kazini, na asiyefika alitozwa faini. Basi mzee wa usharika alipoitwa kuitumikia jumuiya bila malipo, aliitwa katika jambo ambalo baba yake alilifahamu. Injili ilikuta mahali pa kushika mizizi.

Bruno Gutmann na vifungo vya jamii

Mmisionari aliyelitambua jambo hili kuliko wengine ni Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Moshi tangu 1910 hadi 1920, na tena tangu 1925 hadi 1938. Gutmann alifundisha kwamba mwanadamu hazaliwi peke yake, bali huzaliwa ndani ya vifungo: ukoo, ujirani na rika. Kwa maoni yake, kuujenga usharika ni kuvichukua vifungo hivyo na kuviweka chini ya Injili. Basi usharika uligawanywa kufuata ujirani, na kila sehemu ikawa na wazee wake. Vijana wa kipaimara waliunganishwa katika vikundi vidogo, kwa kufuata mfano wa rika, ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake hata baada ya mafundisho kwisha.

Faida yake ilikuwa kubwa. Mzee aliyechaguliwa hakuwa mgeni kwa watu wake. Alijua nani ana ugomvi wa mpaka na nani amefiwa. Lakini hatuna budi kusema na upande wa pili. Gutmann aliogopa sana elimu ya Kizungu isije ikang'oa watu katika jamii zao, na aliitetea lugha ya Kichagga mbele ya Kiswahili. Wakati huohuo vijana wengi wa mlimani walikuwa wakitaka shule za juu, tena shughuli za kahawa zilikuwa zikileta viongozi wa namna mpya. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa kilianzishwa mwaka 1925. Mpango uliompa mzee heshima yake haukumwonyesha kijana msomi mahali pake. Lilikuwa pungufu la kweli, wala halipasi kufunikwa kwa sababu ya mema mengine ya Gutmann.

Jaribio la mwaka 1920

Waingereza waliitwaa Moshi mwaka 1916. Wamisionari wengi Wajerumani waliachwa vituoni kwa muda, lakini mwaka 1920 waliondolewa nchini. Wachache wenye asili ya nchi za Baltiki, kama Leonhard Blumer wa Arusha, waliruhusiwa kubaki. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walianza kufika mwaka 1922, na Wajerumani wakaruhusiwa kurudi tangu 1925.

Katika miaka hiyo ya katikati sharika hazikutawanyika. Shule zilifundishwa, ibada zilifanyika, na walioomba ubatizo waliendelea kujifunza. Kazi hii iliwezekana kwa sababu haikuwa ngeni kwa walioifanya: mwalimu aliyeongoza ibada peke yake mwaka 1921 alikuwa amekwisha kuiongoza kitongojini mwake kwa miaka mingi. Dhiki haikuwafanya walimu hao kuwa viongozi. Iliwaonyesha tu kuwa viongozi.

Hata hivyo lilikuwapo jambo moja ambalo mwalimu hakuweza kulitenda. Katika miaka 27, tangu 1893 hadi 1920, hakuna mwenyeji hata mmoja wa Kilimanjaro aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji. Watu walioaminiwa kuhubiri, kufundisha na kuonya hawakuwa wameaminiwa kusimama mezani pa Bwana. Kwa hiyo, ili kushiriki Chakula cha Bwana, sharika zilimngojea mmisionari mmoja wa wale wachache waliobaki. Kanisa ambalo Ungamo la Augsburg lalitambua kwa Neno kuhubiriwa na Sakramenti kutolewa lilikuwa na la kwanza karibu, na la pili mbali.

Wachungaji wa kwanza

Wachungaji wa kwanza wenyeji wa Kilimanjaro walibarikiwa mwaka 1934, yaani miaka 41 baada ya kuanza kwa misheni. Tutazame na Bukoba. Huko wamisionari wa Betheli walifika mwaka 1910, lakini walikuta Wahaya waliokwisha kuisoma Injili kwa njia ya Uganda na kukusanyika wenyewe. Mwaka 1929, baada ya miaka 19 tu, Andrea Kajerero alikuwa mmoja wa waliobarikiwa. Hatudai kwamba sababu ilikuwa moja tu. Lakini twaona kwamba pale ambapo wenyeji walianza kama wenye kazi, wala si kama wasaidizi, njia ya kwenda kwenye huduma kamili ilikuwa fupi zaidi.

Matokeo yalionekana vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, Wajerumani wakaondolewa tena. Safari hii sharika za Kilimanjaro zilikuwa na wachungaji wao. Mahitaji yalikuwa mengi, na Augustana walisaidia tena. Lakini Sakramenti haikuwa tena kitu cha kungojewa kutoka ng'ambo. Mmoja wa waliokulia katika mazingira hayo ni Stefano Moshi, aliyezaliwa mwaka 1906. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Akawa askofu mwaka 1960, na mwaka 1963 akawa mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika. Njia yake ilipita shuleni na mtaani.

Hitimisho

Historia hii yatuuliza sisi tuliomo katika huduma, na ninyi mnaojiandaa kuingia. Katika sharika nyingi za vijijini ibada ya mtaani huongozwa mpaka leo na mwinjilisti au mzee, naye mchungaji hufika kwa zamu. Yethro alimshauri Musa agawe mzigo, nao mitume waliwaambia wanafunzi wachague saba ili huduma ya mezani isipungue. Katika habari zote mbili waliochaguliwa walipewa kazi halisi, na kazi hiyo ikawa yao.

Basi tujiulize mambo matatu. Kwanza, je, tunawafundisha wazee na wainjilisti wetu kabla hatujawahitaji, au tunawakumbuka tu tunaposafiri? Pili, je, tunamwona kijana aliyesoma na mwanamke anayeshika kazi za usharika kuwa viongozi, au tunarudia pungufu la zamani kwa sura mpya? Tatu, je, kujitolea kwao tunakuheshimu? Mfongo ulidumu kwa sababu kila aliyeuchimba alipata maji shambani mwake. Mzee anayetumika miaka 20 bila kufundishwa, bila kusikilizwa vikaoni, na bila kutembelewa anapougua, anachimba mfongo usiofika kwake. Mwaka 1920 walimu wa Kilimanjaro walilipa Kanisa zaidi ya walichopewa. Si haki kuwadai walio baada yao deni lilelile.