Topps: Kampuni ya bazoka na kadi iliyouzwa kwa bei ya chini

MTOTO wa Manzese au Mbagala akiachiwa chenji dukani, mara nyingi huigeuza kuwa bazoka. Ni wachache wanaojua kuwa jina hilo la ubani wa kupuliza ni la biashara. Bazooka ilitolewa mwaka 1947 na kampuni ya Topps ya Brooklyn, New York, nchini Marekani.

Kampuni hiyo iliuzwa mwaka 2007 baada ya mvutano wa miezi saba uliowagawa wakurugenzi na kuishia mahakamani. Swali lililobishaniwa linawahusu hata wenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam: kampuni inapoyumba na wanunuzi wawili wakajitokeza, je, ni lazima apewe mwenye bei kubwa?

Ubani wa senti moja

Topps ilianzishwa mwaka 1938 na ndugu wanne wa familia ya Shorin, iliyokuwa ikifanya biashara ya tumbaku. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa ubani wa senti moja. Mwaka 1951 walianza kutoa kadi za wachezaji wa besiboli, na mwaka uliofuata mfanyakazi wao, Sy Berger, akasimamia toleo lenye picha ya rangi, jina na saini ya mchezaji upande wa mbele, na takwimu zake upande wa nyuma.

Kadi zilikusudiwa kuuza ubani. Lakini kwa kuwa pakiti ilifungwa na mnunuzi hakujua amepata mchezaji gani, watoto walizidi kununua na kubadilishana, hata ubani ukawa nyongeza tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni iliuondoa kabisa katika pakiti za kadi.

Kufikia wakati huo watu wazima walikwisha kuzigeuza kadi kuwa akiba ya fedha, na watengenezaji wakachapa nyingi kupita mahitaji. Mwaka 1994 mgomo wa wachezaji ulisababisha fainali za besiboli zifutwe, huku watoto wakivutwa na michezo ya kompyuta. Mauzo yakaporomoka, na watengenezaji kadhaa wakafilisika au kuacha biashara hiyo.

Mwaka 2005 Topps ilijaribu kukiuza kitengo chake cha pipi kwa mnada, isipate mnunuzi. Mwaka 2006 wanahisa waliochoshwa na hali hiyo walidai mabadiliko na kufanikiwa kupata viti vitatu katika bodi ya watu 10.

Zabuni mbili

Machi 2007, bodi ilikubali kuiuza kampuni kwa Michael Eisner, aliyekuwa mkuu wa Walt Disney, kupitia kampuni yake ya Tornante, akishirikiana na wawekezaji wa Madison Dearborn. Bei ilikuwa dola 9.75 kwa hisa, jumla ya takriban dola milioni 385. Eisner aliahidi pia kuubakiza uongozi uliokuwapo, akiwamo mkwe wa mwenyekiti na mtendaji mkuu, Arthur Shorin.

Mkataba uliipa bodi siku 40 za kutafuta mnunuzi mwingine. Ndani ya muda huo Upper Deck ya California, mshindani pekee wa Topps aliyebaki katika kadi za besiboli, ilitoa dola 10.75 kwa hisa, yaani dola moja zaidi.

Wengi katika bodi walikataa. Walidai kuwa haijathibitika kama Upper Deck ina fedha za kutosha, na kwamba mamlaka za ushindani zingeweza kuzuia kampuni mbili pekee za sekta hiyo kuunganishwa. Kwa upande wao, wakurugenzi walioingia kwa shinikizo la wanahisa waliona kuwa bodi inamkumbatia mnunuzi atakayelinda vyeo.

Shauri lilifika katika Mahakama ya Chancery ya jimbo la Delaware. Juni 2007, Jaji Leo Strine aliusimamisha upigaji kura wa wanahisa hadi waelezwe ukweli wote, ikiwamo ahadi za Eisner kwa uongozi. Aidha, aliagiza Upper Deck iondolewe sharti lililoizuia kupeleka ombi lake moja kwa moja kwa wanahisa.

Hata hivyo, mlango ulipofunguliwa, Upper Deck haikufika mwisho. Ilitangaza kununua hisa, kisha Agosti ikajiondoa. Septemba wanahisa waliidhinisha bei ya Eisner, na Oktoba mauzo yakakamilika kwa dola 9.75 zile zile.

Tanzania nayo

Nchini, hoja ya mshindani kumnunua mshindani ilizuka katika saruji. Oktoba 2021, Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani na mmiliki mkuu wa Twiga, yenye kiwanda Wazo Hill wilayani Kinondoni, ilikubaliana na AfriSam kununua hisa zake nyingi katika kampuni ya Saruji Tanga.

Tume ya Ushindani (FCC) iliridhia Aprili 2022, lakini Septemba mwaka huo Baraza la Ushindani likautengua uamuzi huo. Hoja kubwa ilikuwa ukubwa wa sehemu ya soko ambayo ingeshikwa na mmiliki mmoja, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 wakati huo iliweka kipimo cha asilimia 35. Mwaka 2023 tume iliridhia tena, na mwaka 2024 Scancem ikaziuza hisa hizo kwa kampuni ya Kitanzania ya Amsons.

Kwa anayejenga chumba kimoja kimoja Goba au Chamazi, suala hilo halikuwa la wanahisa peke yao. Mnunuzi anayetoa fedha nyingi kwa sababu ataondoa mshindani sokoni anaweza kuzirudisha kupitia bei ya mfuko wa saruji.

Mali ni leseni

Yaliyoifika Topps baadaye yanaonyesha kwamba bei ya hisa haikuwa jambo pekee la kutazamwa. Mwaka 2009 ilipewa haki ya pekee ya kadi za ligi kuu ya besiboli kuanzia 2010, na Upper Deck ikaachwa nje. Agosti 2021 mambo yaligeuka: ligi na chama cha wachezaji walitangaza kuwa haki hizo zitakwenda Fanatics. Mpango wa kuiingiza Topps katika soko la hisa kwa thamani ya dola bilioni 1.3 ukavunjika papo hapo.

Januari 2022, Fanatics ilinunua biashara ya kadi kwa takriban dola milioni 500. Pipi zilibaki kwa Eisner chini ya jina la Bazooka Candy Brands, hadi zilipouzwa kwa mfuko wa uwekezaji wa Apax mwaka 2023.

Hivyo kadi na ubani vilitengana baada ya miaka 70. Kadi zilitegemea leseni iliyo mikononi mwa wengine. Bazoka, ambayo kitengo chake kilikosa mnunuzi mwaka 2005, haikuhitaji idhini ya ligi yoyote kuendelea kuuzwa.