Mauser na .303 katika Vita vya Ziwa Nyanza

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika mwambao wa Ziwa Nyanza mwaka 1914, bunduki zilizokabiliana hazikuwa rika moja. Kombania ya 14 ya jeshi la Wajerumani ilikuwa na makao yake Mwanza, ya 7 Bukoba. Askari wengi wa Kiafrika wa jeshi hilo walikuwa bado wanatumia Mauser ya 1871, bunduki ya baruti nyeusi. Waingereza waliovuka ziwa kutoka Kisumu walibeba bunduki za .303.

Risasi ya Mauser ya 1871, yenye unene wa milimita 11 na uzito wa gramu 25, ilitoka mtutuni kwa kasi ya mita 440 hivi kwa sekunde. Ile ya .303 ya Mark VII, iliyoanza kutumika 1910, ilikuwa na gramu 11 na ushei, kasi yake mita 740. Mauser ya 1898 ilirusha risasi ya gramu 10 yenye ncha kali, kwa mita 880 hivi.

Risasi huanza kushuka mara inapotoka mtutuni, kwa hiyo ya polepole hushuka zaidi. Hata ukinzani wa hewa ukiachwa kando, ikifika mita 300 ile ya 1871 imeshuka mita 2.3, ya .303 sentimita 80, ya 1898 sentimita 57. Askari wa bunduki kuukuu akikadiria mita 300 mahali penye 350, alikosa shabaha kwa karibu nusu mita. Na juu ya maji macho hudanganya sana.

Hata hivyo moshi ulikuwa dosari kubwa kuliko umbali. Kila mlio uliacha wingu jeupe lililomfichua mpigaji. Aprili 1915 meli ya Kijerumani ya Rubens ilileta karibu na Tanga bunduki za 1898, zisizotoa moshi kama huo, lakini risasi zake zililowa maji ya bahari, ikabidi zifunguliwe na baruti ikaushwe.

Ziwani, mshindi aliamuliwa na meli. Zilibeba jeshi la Waingereza hadi Bukoba Juni 1915, kisha Ukerewe Juni 1916. Mwanza ilitwaliwa 14 Julai 1916 bila mapigano makubwa, baada ya jeshi kushushwa pwani mashariki ya mji na Wajerumani kurudi nyuma kuelekea kusini.