Samaki wa Mto Tigithe

[Muziki wa kufungua, kisha unashuka polepole]



Hapa Kigali, ukishuka hadi daraja la Nyabarongo utakuta maji mekundu, mazito kwa udongo wa milimani. Maji hayo yanaingia Akagera, yanaporomoka Rusumo, yanapita Mahama, ambako ndugu zetu kutoka Burundi wanakunywa maji ya mto huo yakishasafishwa. Mwisho wake ni Ziwa Viktoria. Upande wa pili wa ziwa hilohilo, nchini Tanzania, unaingia mto mwingine uitwao Mara, na huko ndiko habari yetu ya leo ilikotokea.

Mto Mara unapokea kijito kinachoitwa Tigithe, katika wilaya ya Tarime, karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwezi wa Mei 2009, maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia Tigithe. Wanavijiji walisimulia juu ya samaki waliokufa, mifugo iliyokufa, na ngozi zilizobabuka. Mgodi ulisema plastiki iliyotandikwa chini ya bwawa la maji machafu ilikuwa imeibwa. Mabishano yalianza hapo na hayajaisha vizuri hadi leo.

Kwa nini dhahabu ilete sumu? Mara nyingi dhahabu hukaa ndani ya mawe yenye salfa na aseniki. Mawe yakiwa chini ya ardhi, yametulia. Yakisagwa na kuachwa kwenye hewa na mvua, yanatoa asidi, na aseniki inatoka pamoja nayo. Baadaye watafiti kutoka Norway na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima udongo, matope na maji karibu na migodi ya North Mara na Geita, wakakuta aseniki imepanda karibu na vyanzo vya uchafu.

Sasa mtazame samaki. Anavuta maji kwa mashavu yake mchana na usiku. Aseniki ikiwa nyingi, mashavu yanajaa ute, anahema juu ya maji, anakufa. Ikiwa kidogo hafi upesi. Ini linaharibika, anakua taratibu, mayai yanapungua, na vifaranga wanakufa kabla hatujawaona. Mvuvi anasema tu, "Mwaka huu samaki hakuna." Wanaokula kwenye matope ndio wanaokusanya zaidi. Kwa hiyo mto usio na samaki wanaoelea si lazima uwe mzima.

Na kinyume chake pia ni kweli. Machi 2022 samaki wengi walikufa ndani ya Mto Mara wenyewe, maji yakawa meusi yenye harufu. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo, vilivyomaliza hewa ndani ya maji. Wengi walikataa kabisa kuamini. Mimi naona kinyesi kingi kinaweza kweli kuua samaki namna hiyo. Lakini nawaelewa waliokataa: walikumbuka 2009, na walikumbuka 2019, mgodi ulipotozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuchafua mazingira. Samaki aliyekufa anakuonyesha kwamba maji yameharibika. Jina la sumu halitaji, linahitaji kipimo.

Mama unayepika ndagala leo usiogope sufuria yako. Sehemu kubwa ya aseniki inayoingia kwenye nyama ya samaki hubadilika kuwa ya aina isiyo na madhara makubwa. Samaki uliyemkuta anaelea, huyo muache. Hatari kubwa kwa mtu ni maji anayokunywa miaka mingi: madoa ya ngozi, viganja vigumu, mwishowe saratani. Aseniki haina rangi, haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, sumu inabaki. Klorini nayo inaua vijidudu tu.

Kuna nchi iliyojifunza hilo kwa uchungu, nayo ni Bangladesh. Tangu miaka ya 1970, serikali na mashirika kama UNICEF walichimba visima vingi sana ili watoto wasife kwa kuhara. Vijidudu havikuwemo. Aseniki ilikuwemo, imetoka kwenye ardhi yenyewe bila mgodi wowote, na iligunduliwa mwaka 1993, mamilioni ya watu wakiwa wameshainywa. Visima vilipopimwa vikapakwa rangi: kijani, kunywa; chekundu, usinywe.

Wiki hii, ukikutana na kamati ya maji ya kambi yako, waulize kwa heshima: maji yetu yalipopimwa mara ya mwisho, yalipimwa vijidudu tu au na madini pia? Jibu watakalokupa tuletee, tutalisoma hapa.

[Muziki wa kufunga]