Rivolva ya Webley

Rivolva ya Webley ni bastola ya kijeshi yenye silinda ya matundu sita, iliyobuniwa na kuundwa katika mji wa Birmingham, ikapokewa na serikali ya Uingereza mwaka 1887, nayo ikadumu mikononi mwa maafisa wa dola hiyo kwa sura sita zilizofuatana. Leo ni miongoni mwa silaha za kale zinazotafutwa mno na watu wa namna mbili, ambao aghalabu hukutana katika nafsi moja: mkusanyaji, apendaye kuihifadhi kama ilivyotoka kiwandani, na mlenga shabaha, asiyeona raha mpaka aisikie ikilia. Matakwa ya hao wawili hayapatani, na mengi yanayostahili kujulikana juu ya silaha hii yamo katika kutopatana huko.

Umbo lake ni la kukunjuka. Kidole gumba cha mkono wa kulia hubonyeza wenzo ulio ubavuni kushoto. Komeo la chuma lililokumbatia sehemu ya juu ya mwili huachia. Mtutu huinama kwa bawaba iliyo mbele ya silinda, na papo hapo nyota ya chuma huchomoza katikati ya silinda ikayasukuma nje maganda yote sita kwa mara moja, kisha ikarudi mahali pake. Mjuzi huifungua upesi na kwa nguvu, mdomo wa bastola ukiwa umeelekea juu, ili maganda yaanguke kwa uzito wake. Maana akiifungua kwa kusitasita, ukingo wa ganda moja huweza kuponyoka na kuingia chini ya nyota, na hapo bastola haifungiki mpaka nyota iinuliwe tena na ganda lichokolewe kwa ncha ya kisu. Katika uwanja wa shabaha hiyo ni kero ndogo, walakini katika handaki ilikuwa mauti.

Sura za mwanzo zilikuwa na mtutu wa inchi 4 na kitako kilichopinda kama mdomo wa ndege, nazo ziliundwa zama za baruti nyeusi. Sura ya nne ilitoka mwaka 1899, ikajulikana sana katika vita vya Makaburu. Ya tano, ya mwaka 1913, iliongezewa unene wa silinda ili ihimili baruti isiyo na moshi. Sura ya sita ilipokewa mwezi wa Mei 1915, ikiwa na mtutu wa inchi 6 na kitako kipana chenye pembe, na kwa sababu ya mahitaji ya Vita Kuu ya Kwanza ikaundwa kwa wingi uliopita laki mbili. Baada ya vita kiwanda cha serikali cha Enfield kiliendelea kuiunda kati ya mwaka 1921 na 1926. Wengi katika maafisa wa King's African Rifles waliomwandama jemadari wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck katika vita hivyo, tangu nyanda za Kilimanjaro hata ng'ambo ya mto Ruvuma, walikuwa na Webley kiunoni. Mwaka 1932 nafasi yake ilitwaliwa na rivolva nyepesi zaidi ya Enfield, ingawa ya zamani haikutoweka kwa amri ya karatasi.

Zama za Webley afisa alijinunulia bastola yake mwenyewe, kwa sharti kwamba ikubali risasi za serikali, na desturi hiyo imewaachia wakusanyaji hazina kubwa: ziko Webley zenye jina la duka lililoziuza, zenye herufi za mwanzo za jina la mwenyewe, zenye mshale mpana ulio alama ya mali ya serikali, na muhuri wa nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Mwenye kununua kwa hadhari husoma alama hizo kabla ya kuuliza bei. Hutazama kama nambari ya silinda yalingana na ya mwili, kama komeo lakaza bila kuchezacheza, na kama rangi ya chuma ni ile ya asili. Kwani bastola iliyong'arishwa upya, hata ingawa yapendeza machoni, imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na kingo za herufi zilizolainika huitoa siri hiyo mara moja. Juu ya singe ndogo ya Pritchard, iliyobuniwa kufungwa kwenye mtutu wa sura ya sita, lililo jema ni kuidhania ya bandia mpaka ithibitike vinginevyo.

Risasi yake ya .455 ina uzito wa takriban gramu 17 na mwendo wa polepole, mita 190 hivi kwa sekunde, kwa hiyo teke lake ni la kusukuma wala si la kuchoma. Ni ya risasi laini yenye uvungu nyuma, na uvungu huo si pambo. Matundu ya silinda, pale risasi inapotokea, mara nyingi ni membamba kuliko mtutu wenyewe. Basi risasi hutoka imebanwa, kisha nguvu ya baruti huutanua uvungu hata ukajaza mifereji saba iliyomo ndani ya mtutu. Mtu akimimina risasi ya madini magumu isiyo na uvungu, hupita mtutuni imelegea na kutawanyika shabahani, naye huilaumu bastola bure. Ikiwa amepata risasi kuukuu za jeshi, ajue kwamba fataki zake huacha chumvi ilayo chuma, na maji ya moto, yakifuatiwa na mafuta, ndiyo dawa yake, tena siku ile ile.

Sasa tufikilie taksiri kubwa iliyotendewa silaha hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Webley nyingi ziliuzwa Marekani kwa bei ya takataka, na kwa kuwa risasi za .455 zilikuwa adimu huko ilhali zile za .45 za bastola ya Colt zilijaa kila duka, wafanyabiashara walizikereza silinda kwa nyuma ili zipokee .45 zikiwa katika vibanio vya nusu duara. Kazi ilikuwa nyepesi na faida ya haraka. Lakini kishindo cha .45 ya kawaida huikaribia kadiri ya jaribio ambalo hata sura ya sita ilijaribiwa nalo, au huivuka, seuze zile za zama za baruti nyeusi. Na silinda hupasuka, au komeo hulegea kidogo kidogo pasipo mwenyewe kutambua.

Sheria nazo zina neno katika jambo hili. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1997 iliyofuata mauaji ya shuleni Dunblane, bastola za kale zenye sifa maalumu za kihistoria huweza kuwekwa na kupigwa mahali palipoteuliwa tu, kama vile uwanja wa shabaha wa Bisley. Marekani, sheria ya mwaka 1968 huihesabu silaha iliyoundwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, ikaiachilia masharti mengi ya serikali kuu, hata kama silinda yake imekerezwa. Natija yake ni ya ajabu: Webley iliyo rahisi kununuliwa ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote, nayo yakubali risasi kali kuliko zote. Wenye insafu huipiga kwa maganda ya .45 Auto Rim, yasiyohitaji vibanio, wakiyajaza wenyewe kipimo kidogo cha baruti na risasi laini, ama wauzaji, aghalabu huandika ".45" kwenye kibandiko, basi.