Uvimbe wa kifandugu: Mtoto anayejichafua baada ya upasuaji si mkaidi

Teratoma ya kifandugu ni uvimbe unaoota kwenye ncha ya uti wa mgongo mtoto angali tumboni. Hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 35,000 hadi 40,000 wanaozaliwa, wengi wao wakiwa wasichana. Ukiondolewa mapema, kwa kawaida si saratani. Hatari huongezeka kadiri miezi inavyopita.

Daktari huondoa uvimbe pamoja na mfupa wa kifandugu, kwani mfupa huo ukibaki, uvimbe huweza kurudi. Lakini papo hapo pana misuli inayobana njia ya haja kubwa na mishipa ya fahamu inayoiongoza. Ndiyo maana baadhi ya watoto hufunga choo au hushindwa kukizuia, wengine na mkojo pia.

Mara nyingi mambo hayo huandamana. Choo kigumu hujaa utumboni, kisha kile chepesi hupenya kando yake na kuchafua nguo. Mzazi akidhani ni kuhara na kutoa dawa ya kukuzuia, huzidisha tatizo.

Kasoro hii huweza kufichika wakati wa nepi na kujitokeza mtoto anapoanza shule. Hapo huchekwa, hujitenga na hata kukataa kwenda darasani. Kumchapa hakusaidii, kwa kuwa hafanyi makusudi.

Tiba ipo. Mtoto azoeshwe kuketi chooni dakika chache baada ya mlo, wakati utumbo unaposukuma. Daktari huweza kuagiza dawa za kulainisha choo au, pale inapohitajika, kumfundisha mzazi kusafisha utumbo kwa maji. Mwalimu naye amruhusu kutoka bila maswali, na nguo ya akiba iwekwe shuleni.

Kwa mzazi wa Kambu, kaunti ya Makueni, Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi iko takriban kilomita 200. Kidonda kikishapona, ni rahisi safari hiyo kuachwa. Isiachwe: miaka 3 ya kwanza madaktari huchunguza iwapo uvimbe unarudi, na masuala ya choo hufuatiliwa hadi umri wa shule na baadaye. Mzazi atunze barua ya upasuaji na kuuliza kama sehemu ya uchunguzi huo yaweza kufanyiwa hospitali ya rufaa ya kaunti, mjini Wote.

Kupona kwa mtoto huyu hakupimwi kwa kovu pekee, bali pia kwa kukaa darasani bila hofu.